Binti yangu anataka kuwa kama Longo Borghini. Nimwache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tano hapa Arusha. Tangu mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025 hana habari nyingine ila baiskeli, na ukutani kabandika picha ya Mwitaliano anayeitwa Elisa Longo Borghini. Nimesoma habari zake kidogo. Olimpiki mbili, shaba mbili. Mashindano ya dunia, shaba tena. Dhahabu hana. Kwa nini mnamhesabu miongoni mwa wakubwa? Mwanamke anaishije kwa kazi hiyo? Na je, nimwache binti yangu aifuate, au amalize shule kwanza?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako ni matatu, lakini nikilijibu la kwanza vizuri hayo mengine yatakuwa yamejibika nusu. Nivumilie, nitaanzia mbali.

Hesabu uliyoisoma ni pungufu. Shaba zake kubwa, za mbio za mtu binafsi, ni tano: Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ya Tokyo iliyofanyika 2021, kisha mashindano ya dunia ya Valkenburg 2012, Imola 2020 na Zurich 2024. Dhahabu kweli hana. Ila mbio za baiskeli za barabarani hazipimwi kama riadha, ambako medali ya Olimpiki hufunika kila kitu. Huku kuna mashindano ya siku moja ambayo mtu akishinda mara moja tu jina lake hutajwa mpaka azeeke, na kuna mashindano ya siku nyingi ambayo ni vita vya aina yake. Elisa ameshinda Ronde van Vlaanderen kule Ubelgiji mara mbili, 2015 na 2024. Ameshinda Strade Bianche mwaka 2017, ile inayopita barabara za vumbi jeupe za Toscana na kuishia Siena. Ameshinda Paris–Roubaix mwaka 2022. Na ameshinda Giro d'Italia, mbio za siku nyingi za nyumbani kwao, 2024 na tena 2025. Kabla yake Mwitaliano wa mwisho kuishinda Giro ya wanawake alikuwa Fabiana Luperini mwaka 2008. Miaka 16 nchi nzima inasubiri, na nchi yenyewe ni Italia, ambako baiskeli ni kama mpira kwetu.

Kwa hiyo ukubwa wake hauna ubishi. Kinachonivutia mimi, na ndicho ningependa binti yako akijue kuliko idadi ya vikombe, ni namna alivyoupata huku akiwa na upungufu ambao angeweza kuufanya udhuru.

Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1991, na kwao ni Ornavasso, kijiji cha bonde la Ossola mkoani Piemonte, karibu na mpaka wa Uswisi. Mama yake, Guidina Dal Sasso, alishiriki Olimpiki za majira ya baridi katika kuteleza kwenye theluji masafa marefu, mchezo unaokamua mapafu kuliko karibu mchezo wowote. Kaka yake Paolo, aliyemtangulia kwa miaka 11, alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Huyo binti basi hakuijua kazi hii kwa picha za ukutani. Aliijua kwa kaka anayeondoka na sanduku.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 19, aliingia timu ya Italia iliyoitwa Top Girls Fassa Bortolo. Mwaka uliofuata akahamia Hitec Products, timu ya Norwei, na mwezi Septemba huko Valkenburg akapata shaba ya dunia akiwa hajafika miaka 21. Machi 2013 akashinda Trofeo Alfredo Binda, mbio zinazoishia Cittiglio, ng'ambo tu ya Ziwa Maggiore ukitokea kwao. Alifika peke yake. Miezi mitatu baadaye, kwenye mashindano ya taifa ya Italia, akaanguka vibaya na kuumia nyonga. Wengi tungeishia hapo. Yeye alirudi.

Nikuambie sasa upungufu wake.

Hana mfyatuko. Namaanisha ile kasi ya mita 200 za mwisho, watu wanaposimama juu ya pedeli na kutupa kila walichobakiza. Kasi hiyo kwa sehemu kubwa mtu huzaliwa nayo; unaweza kuinoa, huwezi kuinunua. Mwenye nayo anaweza kujificha kilomita 150 nyuma ya migongo ya wenzake, akatoka dakika ya mwisho na kubeba kikombe. Asiye nayo, akifika mwishoni na watu wanne, mara nyingi atakuwa wa tatu. Hebu zitazame shaba za Elisa kwa jicho hilo. Rio walifika watatu baada ya kumkamata Mmarekani Mara Abbott zikiwa zimebaki mita zisizofika 200: Anna van der Breggen akachukua dhahabu, Emma Johansson fedha, Elisa wa tatu. Imola 2020 alifika pamoja na Annemiek van Vleuten wakigombea fedha, na van Vleuten akampita mstarini japo alikuwa anaendesha na kifundo cha mkono kilichovunjika siku chache nyuma. Zurich 2024, mvua inanyesha, kundi dogo linafyatuka: Lotte Kopecky, Chloe Dygert, Elisa. Tokyo ndiko mambo yalikuwa tofauti kidogo. Anna Kiesenhofer wa Austria alikuwa mbele mapema na wengine nyuma hawakujua, maana Olimpiki hakuna redio za masikioni. Kule Elisa alichomoka kabla ya mwisho na kuichukua shaba peke yake, bila kusubiri mfyatuko.

Mtu mwenye upungufu wa namna hiyo ana njia moja: afike peke yake, au afike na watu waliochoka kuliko yeye. Kufika peke yake maana yake ni kuondoka mbali, kilomita 30 kabla ya mwisho, na kupambana na upepo bila mgongo wa kujikinga. Binti yako analijua hilo hata kama hajalitamka. Muulize tofauti ya kuendesha barabara ya Moshi peke yake upepo ukiwa usoni, na kuendesha nyuma ya mwenzake. Aliye nyuma huokoa robo ya nguvu, pengine theluthi. Sasa fikiria watu kumi nyuma yako wanapokezana kukata upepo, na wewe mbele uko peke yako. Kwa hesabu ya kawaida lazima wakukamate.

Kwa nini basi hawamkamati? Hili ndilo jambo ambalo magazeti hayalisemi, na huwezi kuliona kwa kusoma jina la mshindi tu.

Chukua Ronde ya 2015. Elisa alikuwa timu ya Wiggle Honda ya Uingereza. Alichomoka zikiwa zimebaki kilomita kama 30, katikati ya vile vilima vifupi vya mawe vya Flanders. Nyuma yake kulikuwa na kundi lenye watu wenye nguvu, lakini ndani ya kundi hilo alikuwamo Jolien D'hoore, Mbelgiji wa timu yake, mwenye mfyatuko mkali. Waweke wale wanaofukuza kwenye mizani: wakivuta kwa nguvu zote wamkamate Elisa, watakuwa wamembeba D'hoore mgongoni mpaka mstarini na atawashinda akiwa hajachoka. Wasipovuta, Elisa anakwenda zake. Wakasitasita. Elisa akashinda, Mwitaliano wa kwanza kushinda Ronde ya wanawake, na wa pili akawa nani? D'hoore.

Paris–Roubaix, Aprili 2022, mwanzo wa msimu ulikuwa haujamwendea vizuri hata kidogo. Mbio hizi zina vipande 17 vya barabara ya mawe ya zamani, ambavyo ukiviunganisha vinakaribia kilomita 30. Mawe yenyewe ni makubwa kama mikate ya boflo, yamepangwa kwa mikono, mengine yameinuka na mengine yamezama. Baiskeli huruka, mnyororo hugonga fremu, na viganja hufa ganzi mpaka mtu hajui kama ameshika breki au hewa. Mwaka ule kulikuwa kukavu, vumbi tupu. Elisa akachomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 30. Wenzake wa Trek–Segafredo, timu yake wakati huo, walikuwa na hali ngumu, maana Elisa Balsamo, bingwa wa dunia, alikuwa ameondolewa mashindanoni na waamuzi kwa kujisaidia na gari. Lakini Lucinda Brand alibaki kwenye kundi la wanaofukuza, na kazi yake ikawa moja: kukaa kwenye magurudumu yao, kutovuta, kuwa mchanga ndani ya chakula chao. Elisa akaingia uwanja wa Roubaix peke yake akiwa na akiba ya sekunde zisizofika 30, uso umepauka kwa vumbi. Kopecky akawa wa pili. Wa tatu? Brand.

Kisha Ronde ya 2024, tarehe 31 Machi, Jumapili ya Pasaka, mvua na baridi. Kwenye Koppenberg, kilima cha mawe ambacho pahali pake pakali panazidi asilimia 20, wengi walishuka na kupanda kwa miguu, baiskeli zimeegemea viuno na viatu vyenye vyuma chini vikiteleza kama kwenye sabuni. Mwishoni walibaki watatu: Elisa, Shirin van Anrooij wa timu yake, na Kasia Niewiadoma wa Poland. Wawili dhidi ya mmoja. Hapo Niewiadoma alikuwa na kazi ya kumwangalia kila mtu wakati wale wawili walikuwa na kazi ya kusaidiana. Na safari hii Elisa, yule asiye na mfyatuko, akashinda kwa mfyatuko, kwa sababu baada ya kilomita 163 za baridi kali mfyatuko si kasi tena, ni nani bado ana kitu miguuni. Van Anrooij akamaliza wa tatu.

Umeona? Ushindi wake mkubwa mara tatu, na mara zote tatu kwenye jukwaa kuna mwenzake wa timu moja. Picha huonyesha mwanamke mmoja ameinua mikono. Mimi kila nikiitazama namtafuta mwenzake aliyemwezesha.

Ungeweza kusema basi huyu ni mtu wa kubebwa. Ningekukatalia, na ushahidi wangu ni mwaka 2021. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo wanawake walikimbia Paris–Roubaix kwa mara ya kwanza katika historia, kwenye matope. Lizzie Deignan wa Trek–Segafredo alichomoka mapema mno, zimebaki kilomita zaidi ya 80. Elisa alikuwa nyuma, ana miguu, ana hamu kama mtu yeyote ya kuwa wa kwanza kabisa kushinda mbio hizo. Hakumfukuza mwenzake. Alikaa kazini, akamaliza wa tatu, nyuma ya Deignan na gwiji wa Uholanzi, Marianne Vos. Wiki moja kabla ya hapo, huko Leuven, kwenye mashindano ya dunia, alitumia miguu yake kilomita za mwisho kumvuta Elisa Balsamo, aliyekuwa na miaka 23, mpaka pale Balsamo alipofyatuka na kumpita Vos mwenyewe. Jezi ya bingwa wa dunia, ambayo Elisa hajawahi kuivaa hadi leo, alimsaidia mwingine kuivaa. Aprili iliyofuata, alipochomoka Roubaix na Brand akakaa nyuma kuwavuruga wengine, hilo lilikuwa deni linalolipwa na watu walioshuhudia akikopesha.

Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mabingwa wengi wenye dhahabu.

Upande wa Giro nitapita haraka, ingawa wa 2024 una utamu wake. Alichukua jezi ya waridi, ile ya anayeongoza, siku ya kwanza, kwenye mbio za kushindana na saa mjini Brescia, akailinda siku zote nane. Baada ya mlima Blockhaus, siku moja kabla ya mwisho, ukijumlisha muda wa siku zote alikuwa amemwacha Kopecky kwa sekunde moja. Sekunde moja baada ya wiki nzima! Siku ya mwisho walielekea L'Aquila, mwisho wenyewe ni mwinuko, na pale akamwacha tena; hesabu ikafungwa kwa sekunde 21. Na kwa faida ya binti yako, aliyeshinda hatua ile ya L'Aquila alikuwa Kimberley Le Court wa Morisi. Mwafrika, mtoto wa kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka uliofuata huyohuyo Le Court akashinda Liège–Bastogne–Liège na kuvaa jezi ya njano, ya anayeongoza, kwenye Tour de France Femmes, Tour de France ya wanawake. Mwambie abandike na hiyo picha, ukuta bado una nafasi.

Mwaka 2025 Elisa alikuwa amehamia UAE Team ADQ ya Falme za Kiarabu, nchi ambayo tayari alikuwa ameshinda mashindano yake, 2023 na 2025, mara zote mbili akitumia mlima Jebel Hafeet wa Al Ain. Kwenye Giro ya mwaka huo Mswisi Marlen Reusser alikuwa mbele yake. Kabla hata mlima Monte Nerone haujaanza kukaza, Elisa akashambulia, na mwenzake Silvia Persico akamvuta mpaka chini ya mwinuko. Unaona, ni wimbo uleule. Alimshinda Reusser kwa sekunde 18.

Si kwamba kila kitu kimemnyookea. Tour de France Femmes, iliyorudi 2022, imempa kisogo. Mwaka huo wa kwanza alimaliza wa sita, na baada ya hapo ikawa ni maradhi na ajali. Mwaka 2024, ametoka kuvaa waridi, alianguka mazoezini akaikosa kabisa. Namwomba Mungu aipate siku moja, lakini sidhani ukosefu wake unapunguza kitu.

Sasa riziki. Hili mzazi lazima aulize, na usimruhusu mtu akuaibishe kwa kuuliza.

Elisa alipoanza, mwanamke mwendesha baiskeli wa Italia kisheria hakuwa mtu wa kulipwa hata angekuwa bingwa. Sheria ya michezo ya Italia ya mwaka 1981 iliyaachia mashirikisho kuamua nani ni wa kulipwa, na kwa zaidi ya miaka 40 hakuna shirikisho lililowaita wanawake hivyo. Wanasoka wao walifikia hapo mwaka 2022. Waliishije? Kwa jibu ambalo wewe Mtanzania utalielewa mara moja: waliajiriwa serikalini. Elisa ni wa Fiamme Oro, kikosi cha michezo cha Polisi wa Italia. Marta Bastianelli, bingwa wa dunia wa 2007, alikuwa wa Fiamme Azzurre, kikosi cha Magereza. Mshahara wa kila mwezi, pensheni, na kazi inayomsubiri mwili ukichoka. Ni mfumo uleule unaowalea wakimbiaji wengi wa Kenya polisi, jeshini na magereza, na ndio uliomlea Alphonce Simbu wetu, askari wa JWTZ. Simbu alipata shaba ya dunia London 2017, akavumilia miaka minane, na Septemba 2025 akashinda marathoni ya dunia Tokyo. Najua pale Arusha mnamfahamu, kwa hiyo sihitaji kukueleza shaba inaweza kuwa hatua ya kuelekea wapi.

Timu zenyewe zilianza kulipa kwa heshima juzijuzi tu. Mwaka 2020 ndipo shirikisho la dunia, UCI, lilipoweka kima cha chini cha mshahara kwa timu za daraja la juu za wanawake: euro 15,000 kwa mwaka. Kufikia 2022 kilikuwa euro 27,500, na kimeendelea kupanda. Zawadi ni habari nyingine. Deignan aliposhinda ile Roubaix ya kwanza, zawadi rasmi ilikuwa euro 1,535, na mwanaume aliyeshinda kesho yake, Sonny Colbrelli, alipata 30,000. Kwa mawe yaleyale na matope yaleyale. Timu ya Deignan ikasema itajazia pengo lake yenyewe. Nakwambia haya si kukukatisha tamaa. Nakwambia ili ujue kwamba mwanamke anaishi kwa mkataba na ajira, haishi kwa zawadi. Atakayemwambia binti yako aache shule akafukuze pesa za zawadi, mfungie mlango.

Tumefika kwenye swali lako la tatu, na jibu langu ni fupi: amalize kidato cha sita, na aendeshe. Havigombani. Elisa alisaini timu ya kwanza akiwa na miaka 19 na akashinda Giro ya kwanza akiwa na miaka 32, ya pili na 33. Huu ni mchezo wa pumzi, na pumzi hukomaa taratibu. Miaka miwili ya shule haimpotezei kitu.

Kuna mambo nitakuomba uyasimamie wewe, baba, maana yeye kwa umri wake atayaona madogo. Helmeti kila siku, hata anakwenda dukani. Asifanye mazoezi peke yake kwenye barabara kuu; atoke alfajiri na kundi, na kundi liwe na mtu mzima. Atafute klabu iliyo chini ya CHABATA, chama cha baiskeli cha Tanzania, ili siku akiwa tayari awe na leseni na jina lake liwe mahali panapoonekana. UCI ina kituo chake Aigle, Uswisi, ambacho hupokea vijana wa nchi zisizo na timu kubwa, lakini hupokea wanaotumwa na vyama vyao. Mnyarwanda Diane Ingabire amefika mpaka timu ya vijana ya Canyon//SRAM, mojawapo ya timu kubwa za wanawake. Njia ipo, ni nyembamba, na inaanzia kwenye chama cha nyumbani.

Na hili naomba mama yake alisikie pia. Mabinti wa mchezo huu huambiwa wapungue wapande mlima vizuri. Binti anayeendesha saa tatu kwa siku anahitaji kula kushinda kaka zake: ugali, maharage, ndizi, mayai, maziwa, bila kuonewa. Akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo asipongezwe kwamba amekuwa mwanamichezo, apelekwe hospitali. Nimeona wasichana wenye vipaji wakivunjika mifupa wakiwa na miaka 20 kwa sababu mtu mzima mmoja aliwasifu kwa kukonda. Binti wa miaka 17 bado anajenga mifupa atakayoishi nayo maisha yake yote.

Mwisho nina kazi ya kumpa. Mkipata nafasi ya intaneti nzuri, itafuteni Paris–Roubaix ya wanawake ya mwaka 2022, kilomita 30 za mwisho. Kamera nyingi zitakuwa kwa Elisa. Mwambie asimtazame yeye. Kila picha ikirudi nyuma kwa wanaofukuza, amtafute Lucinda Brand, mwenye jezi ya timu moja na Elisa: anakaa gurudumu la nani, lini anakataa kuvuta, nani akijaribu kuchomoka anamfuata. Aandike kwenye daftari dakika kwa dakika. Kisha aangalie ile ya 2021, na safari hii amtafute Elisa, kwa sababu kazi ya Brand mwaka ule alikuwa nayo yeye. Akimaliza aniandikie alichokiona, nitamjibu mwenyewe.